Fremu ya Pande Tatu

Alikuja Ijumaa, watu wametoka kuswali,
ubao kichwani, kauzungushia kaniki.
"Mtani," akasema, "nataka fremu.
Ila upande wa chini usiuzibe."

Miaka kumi na tisa nipo Keko.
Nimetia fremu maharusi, vyeti vya ufundi,
marehemu kwa mamia, Ayatul Kursi ya uzi wa dhahabu,
timu ya kata na kombe lake la bati.
Hakuna aliyewahi kuniagiza pande tatu.

Akafunua.

Kwanza niliona lami. Njia sita, mistari myeupe,
magari hakuna.
Katikati ya lami, mkole,
umetoboa, umesimama, majani mabichi ya baada ya vuli,
na shinani wanawake wamekaa,
wametupa visogo,
vichwani vishungi viwili viwili kama vya mwana hiti,
na kama mwana hiti, mikono hawana.
Weupe wa ile mistari haukuwa rangi ya dukani.
Nilipougusa, ulinibaki kidoleni. Unga wa mtama.

"Umechora kwa kutazama wapi?"
"Sikutazama. Nilioteshwa."

Namjua. Siwatu Chaurembo, huandika mabango Vingunguti:
SALUNI YA KIKE, TUNAZIBA PANCHA,
herufi zake zina kivuli, hazikosi mstari.
Si mtu wa kupandisha vitu kichwani.
Lakini mara tatu, anasema, bibi yake Mwamvula alimjia usiku.
Mara ya kwanza alisimama tu, miguu ina vumbi.
Ya pili alibeba ungo.
Ya tatu akauliza: "Mlituhesabu wangapi?"

Barabara ilipotanuliwa, makaburi yao yalihamishwa kwa lori,
karani na daftari, vibarua na glovu za mpira.
"Waliandika kumi na moja," Siwatu akasema.
"Bibi anasema walikuwa kumi na tatu."

Kwa jirani randa ya umeme ilikuwa inapiga kelele,
mara umeme ukakatika,
na Keko nzima ikanyamaza kama mtu aliyeitwa jina.

Nilitaka kumtania, maana ndiyo haki yangu,
Mnyamwezi kwa Mzaramo:
nimwambie ninyi hata mkifa hamtulii, mnataka ngoma.
Ulimi ukagoma.
Yeye ndiye aliyenikumbusha kazi yangu.
"Kwetu mtu akifa, mtani ndiye anayeshika jembe.
Haya, shika msumeno."

Basi nikapima. Mimi mtu wa futi, na ndoto haina futi.
Fremu isiyo na chini haishiki, ubao utateleza,
kila fundi anajua.
Nikachimba mfereji ubavuni, nikatia vigingi vya mpingo,
kimoja kulia, kimoja kushoto.
Sikufikiria idadi. Ndivyo vilivyotosha.
Siwatu aliviangalia sana, kisha akavigusa kwa kiganja
kama mtu anayesalimia watoto.

Bei nilimpunguzia upande mmoja.
Akakataa, akalipa wa pande zote nne.
"Cha nne," akasema, "kaa nacho."

Kipo. Mninga, futi mbili na robo, nimekipiga msasa,
pembe zimekatwa tayari kwa kuunga,
haziungani na kitu.
Wateja wakiuliza, nasema kina mwenyewe.
Kijana wangu Masanja alitaka kukifanya mguu wa stuli;
nikamfokea hadi mwenyewe nikashangaa.

Mvua imekatika tangu juzi.
Leo asubuhi, kabla ya kufungua stoo,
nimekitoa nje, nikakilaza juu ya mchanga
pale jua linapopiga mwanzo.

"Fundi, hicho nacho kinakauka?"

Nikamwambia Masanja akiache.
Kinaota.